Shangazi, ndoano moja nayo inadaiwa leseni ya mwaka mzima?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanaume wa miaka 39, mtumishi wa umma, baba wa watoto wawili. Nimezaliwa na kukulia Ukerewe, nikafanya kazi Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na serikali ilipohamia Dodoma nami nikahamia na familia yangu. Mji nimeuzoea na watu wake nimewapenda. Kilichonishinda ni ukame. Mtu aliyekulia kisiwani ukimweka mahali ambapo mvua ni ya miezi michache na vumbi ni la miezi iliyobaki, hatulii.

Kwa hiyo nilipogundua kuna bwawa ninaloweza kulifikia kwa pikipiki, nikanunua fimbo ya kuvulia, ile yenye kigurudumu cha kukunjia mshipi, na baadhi ya Jumamosi naondoka alfajiri na mwanangu wa kiume wa miaka 11. Nimemfundisha kufunga ndoano na chubwi, kutafuta nyungunyungu, na kukaa kimya akiangalia boya. Tunapata perege, mara chache kambale. Wanaotosha tunakula nyumbani, wakizidi nawauzia majirani wawili watatu kwa bei ya kutupa.

Shida imeanzia kwa kijana mmoja pale ufukweni mwenye daftari. Mara ya kwanza alinidai shilingi 5,000, akasema ni ya kuingia majini. Nikampa, risiti hakuna. Siku nyingine ikawa 10,000. Safari iliyopita alikuja na mwenzake, wakaniambia kuanzia sasa lazima niwe na leseni ya uvuvi ya mwaka mzima, na kwamba wao wanaweza kunishughulikia: nitume hela kwenye simu yake, leseni italetwa. Nilipouliza ni kiasi gani, kila mmoja alitaja bei yake.

Nyumbani nako si shwari. Mke wangu amekaa na kalamu akapiga hesabu ya mafuta, ndoano zinazokatikia kwenye miti iliyozama, soda ya mtoto, na sasa leseni. Anasema kwa hela hiyo Soko la Majengo linampa perege wa kutosha wiki nzima, tena walioparwa magamba, na ananikumbusha kwamba ada ya muhula iko mlangoni. Kazini nako rafiki yangu ananiambia nisilipe hata senti, kwamba leseni ni ya wenye mitumbwi na nyavu, na maji ni ya Mungu.

Nifanyeje, Shangazi? Nilipe leseni ya mwaka kwa ajili ya ndoano moja na Jumamosi chache? Mwanangu naye anahitaji leseni? Na mke wangu nimwambie nini?

Mvuvi wa Jumamosi, Dodoma

*

Marahaba mwanangu,

Kata leseni. Lakini huyo kijana usimpe tena hela, iwe mkononi au kwenye simu yake, hata shilingi mia. Hayo mawili yaende pamoja, kwa sababu naona kwenye barua yako kero ya daftari imekufanya uanze kuichukia leseni yenyewe, wakati leseni ndiyo itakayokutoa mikononi mwa mwenye daftari.

Uvuvi nchini kwetu unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009, ambazo zimekuwa zikirekebishwa. Humo ndimo inamoelezwa nani akate leseni, ya aina gani, na kwa ada gani. Ada zimepangwa kwenye majedwali ya kanuni, zimeandikwa, na ofisi ya uvuvi ya halmashauri inazo. Watu wawili wanaosimama ufukwe mmoja, saa moja, wakakutajia bei mbili, hakuna hata mmoja kati yao aliyesoma jedwali. Walikuwa wanakupima mfuko.

Hukulitaja bwawa lako, na umefanya vizuri. Ila ujue kwamba halmashauri ndiyo ya kuanzia, na kila bwawa lina halmashauri yake. Mtu anayevua Hombolo anakwenda kwa afisa uvuvi wa Halmashauri ya Jiji la Dodoma. Anayekwenda Mtera ana kazi zaidi, kwa sababu bwawa lile liko mpakani: upande huu kuna Chamwino na Mpwapwa, ng'ambo ya ukuta ni Iringa. Mvuvi wa namna yako ambaye leo yuko hapa na mwezi ujao yuko kule lazima aulize mapema: leseni hii inafika mpaka wapi? Nikivuka daraja na fimbo yangu, inanilinda? Waulize kabla hujalipa, na jibu waliandike.

Ukifika ofisini, jieleze kwa ukamilifu. Sema unavulia ufukweni, kwa fimbo na ndoano, kwa burudani na kitoweo cha nyumbani. Sema wazi kwamba huna mtumbwi wala wavu, usije ukakatiwa karatasi ya chombo ambacho huna. Mwombe afisa akuonyeshe kwenye jedwali mstari unaokuhusu. Hiyo ni haki yako, wala usiogope kuonekana msumbufu. Afisa anayeijua kazi yake atafurahi kupata mtu aliyekuja mwenyewe bila kukimbizwa. Halafu utapewa kumbukumbu namba ya malipo, ile tunayoiita kontroli namba, yenye tarakimu 12. Unalipa benki au kwa simu yako mwenyewe, hela inaingia serikalini moja kwa moja, na stakabadhi inabaki kwako. Wewe ni mtumishi wa umma, haya unayaishi kila siku kazini. Sijui ni nini kinachotupata tukifika ufukweni, tunakubali kulipia kitu cha serikali kwenye namba ya simu ya mtu tusiyemjua hata ukoo.

Sasa, nisimhukumu kijana wa watu kwa kusikia upande mmoja. Inawezekana kabisa yeye ni mwanachama wa BMU, kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi cha pale mwaloni. Vikundi hivi vinatambuliwa kisheria, na wengi wao wanafanya kazi ngumu kwa posho ya kubahatisha, usiku, wakikabiliana na watu wenye mapanga na makokoro, yaani nyavu za kuburuzwa. Kukuuliza leseni iko wapi, anaweza. Pengine na kijiji kina ushuru wake halali. Lakini ushuru halali una mashine ya POS au kitabu cha stakabadhi, na mkusanyaji wake ana kitambulisho. Siku nyingine msalimie, mwulize jina na cheo chake, mwonyeshe leseni yako, na ukiambiwa kuna ushuru mwingine, omba risiti kwanza ndipo utoe hela. Akikataa na kutishia, ofisi ya kijiji ipo, mkurugenzi wa halmashauri yupo, na TAKUKURU wanapatikana bure kwa namba 113.

Rafiki yako wa kazini nimemsikia. Anasema maji ni ya Mungu. Mvua ni ya Mungu, sawa, lakini Dodoma si Ukerewe. Maji mengi unayoyaona yamesimama katika mkoa huu yamesimamishwa na ukuta uliojengwa na watu kwa fedha ya umma. Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957. Mtera ilizibwa kwenye Ruaha Mkuu kwa ajili ya umeme, na mitambo yake ina uwezo wa megawati 80. Pasingejengwa kuta hizo, rafiki yako angekuwa anazungumzia mchanga. Na samaki waliomo hawajilindi wenyewe.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu wengi wanaolalamikia ada ya mwaka hawajawahi kumtazama perege anavyozaa. Dume anashuka kwenye maji mafupi karibu na ufukwe, anachimba kishimo cha mviringo kwenye mchanga kwa mdomo na mwili, anakilinda. Jike anakuja kutaga pale, na mayai yakisharutubishwa anayabeba mdomoni. Anakaa nayo humo mpaka yaanguliwe, na vifaranga wakianza kuogelea bado wanarudi kujificha kinywani mwa mama wakitishwa. Muda wote huo hali chochote cha maana. Kwa hiyo ndoano yako haimpati kirahisi, kwa sababu hana hamu ya nyungunyungu wako. Anayempata ni mwenye kokoro. Kokoro linaburuzwa juu ya mchanga ule ule, linafukia vishimo vyote, linamzoa mama na alichobeba, na vifaranga wanatemwa ufukweni wakakaukia juani. Bwawa halina bahari ya kuliongezea samaki. Msimu mmoja wa makokoro unaweza kukuacha wewe na mwanao mkitazama boya lisilozama mpaka jioni.

Kumzuia mwenye kokoro kunahitaji boti, mafuta, na watu wa doria. Fedha ya leseni ndiyo hiyo. Sisemi kila shilingi inafika majini. Tunaijua nchi yetu, na ni haki ya mlipaji kuuliza. Marekani walilibana jambo hili kwa sheria ya mwaka 1950, inayoitwa Dingell-Johnson kwa majina ya wabunge walioileta: jimbo likitaka mgao wa kodi ya vifaa vya uvuvi kutoka serikali kuu, sharti fedha ya leseni za wavuvi isichepushwe kwenda kwenye mambo mengine. Mimi naamini nasi tungepaswa kuona hivyo. Mvuvi akilipa Januari, ifikapo Desemba aambiwe kwenye mkutano wa kijiji ilinunua nini. Lakini mtu anayeuliza akiwa na stakabadhi mkononi anasikilizwa. Asiyelipa hana pa kuanzia.

Umeniuliza kama inafaa kulipia mwaka mzima kwa Jumamosi chache. Swali ni zuri, na lina kitu ambacho wengi hawakiangalii: mwaka wa leseni unaanza lini na unaisha lini? England zamani leseni ya fimbo ilikuwa ikiisha Machi 31 kwa kila mtu, hata kama umeikata Januari. Mwaka 2017 wakabadilisha, ikawa miezi 12 tangu siku uliyolipa. California nako walikuwa wanaikata Desemba 31, mpaka mwaka 2023 walipogeuza ikawa siku 365 tangu ununuzi. Wavuvi wa burudani ndio waliokuwa wakiumia zaidi na mtindo wa zamani, kwa sababu mtu wa mara moja moja huamka katikati ya mwaka. Kwa hiyo muulize afisa wako: nikilipa leo, tarehe ya mwisho itakayoandikwa ni ipi? Ikiwa inaisha na mwaka wa kalenda, na sasa mwaka umekwenda, huenda ikakufaa kutundika fimbo ukutani na kukata leseni mpya mwanzoni mwa mwaka, mvua zikiwa zimeanza kulijaza bwawa. Uliza pia kama kuna kibali cha muda mfupi. Hakuna dhambi kuuliza njia halali ya kulipa kidogo.

Na huku kwetu mwaka wa mvuvi haulingani na wa kanda ya ziwa ulikotoka. Mvua zetu zinaanza Desemba hivi, zinaisha Aprili, basi. Kuelekea Novemba ufukwe unarudi nyuma, unatembea juu ya matope yaliyopasuka kufikia maji. Mvua ya kwanza ikishuka, kambale wanapanda kwenye majani yaliyofurika kandokando kutaga, na watu wanawafuata na mapanga na visu kwa kuwa wanaonekana kirahisi. Wewe usiwe mmoja wao, na mwanao umweleze sababu. Wiki zile waache wapande. Ndoano yako itawakuta baadaye.

Kuna jambo ulilipitia haraka kwenye barua, nami sitalipita. Umesema wakizidi unawauzia majirani. Mwanangu, hilo liache. Siku unayopokea hela ya samaki, hata kama ni bei ya kutupa, umeshahama kutoka mvuvi wa burudani kuwa mfanyabiashara wa samaki, na biashara hiyo nayo ina leseni na ushuru wake. Huwezi kusimama mbele ya afisa ukasema uko kwa burudani huku jirani anajua bei ya fungu lako. Na wale kina mama wanaouza samaki kwa mafungu, waliolipia meza na ushuru wa soko, wewe mwenye mshahara unawaharibia kwa bei hizo. Wakizidi, mpe jirani kitoweo bure. Au acha kuvua mkipata wa kuwatosha, mtoto ajifunze kufunga mshipi wakati samaki bado wanauma. Wadogo warudisheni majini, na mkono uwe umelowa maji kabla ya kumshika, usimtoe ute wake.

Kuhusu huyo mtoto, sitakupa jibu la kubuni. England aliye chini ya miaka 13 hahitaji leseni kabisa, na wa miaka 13 mpaka 16 anakata bila malipo. Hapa usichukulie kwamba ni hivyo hivyo. Mtaje kwa afisa siku ile ile, useme ana miaka 11 na anashika fimbo akiwa na wewe, akuelekeze. Na ikiwa ni Mtera mnakokwenda, asikanyage maji hata ya kifundo cha mguu. Kuna mamba na viboko mle, na alfajiri ndio saa zao.

Sasa tumfikie mama wa nyumba. Hesabu yake ni sahihi. Perege wa Majengo ni nafuu kuliko perege wako, na ukijaribu kumbishia kwa kilo utashindwa kila siku, na utastahili kushindwa. Usiitetee fimbo kama njia ya kupata kitoweo. Iite jina lake: ni starehe yako, na ni muda wako na mtoto. Starehe ina bajeti. Andikeni wote wawili karatasi moja: mafuta ya mwaka, vifaa, leseni. Nina hakika utakuta mafuta ya pikipiki yanaumiza kuliko unavyodhani; Hombolo peke yake kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 60. Punguza safari badala ya kukwepa leseni. Gawanya ada ya leseni kwa miezi 12, weka kiasi hicho pembeni kila mwisho wa mwezi, na ada ya shule itangulie kulipwa kabla fimbo haijatoka ndani.

Ila nadhani kinachomuuma si hela yenyewe. Nimeisoma barua yako mara mbili, nimeona 5,000 ikitoka, 10,000 ikitoka, na hakuna mahali uliposema ulimwambia. Amezijua baadaye. Mwanamke anayepanga ada ya muhula akikuta noti zinaishia kwenye daftari la mtu asiye na risiti, lazima akunje uso, na mimi niko upande wake. Ukitoka ofisi ya uvuvi, stakabadhi aione yeye kwanza kabla ya kijana wa ufukweni. Mpe na ratiba: Jumamosi ipi unakwenda, ipi unabaki umsaidie kazi au umpe naye nafasi ya kwenda kwenye mambo yake. Sijasikia kwenye barua yako Jumamosi ya mke wako inakuwaje.

Nenda ofisini wiki hii, siku ya kazi, asubuhi, na kitambulisho chako cha NIDA. Leseni ikitoka, itoe kivuli, nakala halisi ibaki nyumbani au uifunge kwenye nailoni, maana karatasi na kambale havikai begi moja. Na ukikuta ada uliyoandikiwa hailingani na mstari uliosomewa kwenye jedwali, usilipe kwanza. Nitumie picha ya hiyo ankara ukiwa umefuta jina na namba zako, tuiangalie pamoja.

Shangazi